Kumchagulia mama makao ya wazee Uingereza: tutazame nini kabla ya kutia saini?

BintiWaKikwajuni, Leicester

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Naomba ushauri wa waliokwisha kupita njia hii, na hasa wanaofanya kazi katika makao ya wazee hapa Uingereza, kwa sababu katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufanya uamuzi wa namna hii, na kila ninayempigia simu Unguja hunijibu kwa kilio badala ya maelezo.

Mama yangu ana umri wa miaka 79. Yuko nchi hii tangu miaka ya 1980, ni raia, na mpaka mwaka jana alikuwa akiishi nami, akijipikia mwenyewe na kwenda msikitini kila Ijumaa. Alianza kusahau kidogo kidogo, madaktari wakasema ni demensia inayotokana na mishipa ya damu ya ubongo, kisha mwezi uliopita akapata kiharusi kilichompooza upande wa kushoto. Hadi leo yuko hospitali. Hawezi kujigeuza kitandani, anahitaji watu wawili pamoja na mashine ya kumnyanyulia ili akae kwenye kiti, chakula chake ni cha kusagwa, na kila anachokunywa hutiwa unga wa kukifanya kizito ili asipaliwe. Kiingereza, ambacho alikizungumza vizuri kwa miaka yote aliyofanya kazi kiwandani, kimemtoka karibu chote. Anasema Kiswahili tu, na usiku humwita dada yake ambaye ni marehemu siku nyingi.

Hospitali imeamua kwamba hawezi kurudi nyumbani bila ya uangalizi wa saa 24. Nyumba yetu ina ngazi nyembamba na choo kiko juu, na mimi na mume wangu sote tunafanya kazi za zamu. Ofisa ustawi wa jamii ametupa majina ya makao matatu yenye nafasi na kututaka tuchague haraka. La kwanza ni jengo jipya lenye bustani na saluni ya nywele. La pili ni la zamani, lakini kutoka kwetu ni mwendo wa miguu. La tatu liko upande wa pili wa mji, na tovuti yake inasema kwamba linahudumia zaidi wazee wa Kiasia na kwamba chakula chake ni halali. Yote matatu yamepewa daraja la "Nzuri" na Care Quality Commission, yaani wakaguzi wa huduma za afya na makao ya wazee wa England, kwa hiyo daraja halinisaidii kuyatofautisha.

Nikienda kuyatembelea, nitazame nini ambacho hakimo kwenye vipeperushi vyao? Gharama italipwa na nani, ikiwa mama ana akiba ya takriban pauni 30,000 benki, hana nyumba hapa, ila ana fungu lake katika nyumba ya urithi iliyoko mtaa wa Ng'ambo, Unguja, ambayo mirathi yake haijagawanywa tangu babu afariki? Je, ninaweza kuyakataa yote matatu? Na kaka yangu aliyeko Muscat anashikilia kwamba nimrejeshe mama Unguja akauguzwe na watu wake. Nawaomba mnijibu kwa uwazi, hata kama jibu litakuwa chungu.

NesiWaUsiku

Dada, pole sana kwa kuuguza. Mimi ni muuguzi na nimefanya kazi katika makao ya namna hii kwa muda mrefu, zaidi zamu za usiku, kwa hiyo nitakueleza yale ambayo mgeni wa mchana haonyeshwi.

Kabla ya kuondoka nyumbani, hakikisha kwamba kila moja kati ya makao hayo limesajiliwa kutoa huduma ya uuguzi. Hapa kuna makao yenye wahudumu tu, na kuna makao ambayo muuguzi aliyesajiliwa yupo mchana na usiku. Kwa nje hayana tofauti, na majina yao hayasemi lolote. Kwa hali uliyoieleza, mama anahitaji aina ya pili. Habari hiyo imo katika ukurasa wa kila makao kwenye tovuti ya Care Quality Commission. Ukiwa hapo, usiishie kwenye daraja. Angalia ripoti iliandikwa mwaka gani, kisha uulize kama meneja aliyekuwapo wakati ule bado yupo. Daraja zuri la miaka minne au mitano iliyopita, chini ya meneja aliyekwisha ondoka, ni habari za nyumba nyingine kabisa. Ndani ya ripoti mna mambo matano yanayopimwa, na mimi husoma kwanza sehemu ya usalama na sehemu ya uongozi, kwa kuwa uongozi ukilegea, mengine yote hufuata baada ya miezi michache.

Ziara ya kwanza watakupangia wao, na itakuwa asubuhi ya siku ya kazi, sakafu imepigwa deki na meneja yupo mlangoni. Nenda, lakini omba kurudi siku nyingine bila miadi, Jumapili jioni wakati wa chakula cha usiku. Makao yanayokataa ombi hilo yamekwisha kukujibu.

Ukiingia, acha kutazama mapazia. Tazama vikombe. Kwa mtu aliyepooza mkono wa kushoto, kikombe kikiwekwa upande wa kushoto ni sawa na kutowekwa, na ukikuta saa kumi jioni vikombe vimejaa mpaka juu mbele ya wazee waliolala vitini, ujue wamewekewa maji lakini hakuna aliyekaa kuwanywesha. Tazama kamba ya kengele ya kuitia: iko mkononi mwa mgonjwa, au imefungwa juu ukutani? Tazama kucha za wazee, na midomo yao kama imekauka. Harufu ya mkojo mara moja moja si ajabu katika nyumba yenye wazee arubaini, lakini harufu kali ya marashi ya kupulizia katika kila ukumbi hunitia wasiwasi zaidi.

Kisha uliza habari za usiku. Sheria ya hapa haikuweka idadi maalumu ya wahudumu kwa wagonjwa. Inataka tu wawe wa kutosha, na neno hilo kila mtu analipima kwa mkono wake. Kwa hiyo usiulize kama wanatosha. Uliza jana usiku walikuwa wangapi, kwenye ghorofa ngapi, na wangapi kati yao walitoka kwa wakala wa vibarua. Mama anageuzwa na watu wawili. Ikiwa ghorofa yake ina wahudumu wawili tu, basi kila wanapomgeuza hakuna anayesikia kengele za wengine, na wanapomgeuza mwingine hakuna wa kumsikia mama. Wagonjwa wa aina yake hugeuzwa kila baada ya saa chache ili wasipate vidonda vya kulalia, na wanahitaji godoro la upepo. Uliza ni wakaazi wangapi wana vidonda hivyo sasa, na vingapi kati ya vidonda hivyo vilianzia humo humo ndani.

Jambo la kumeza usimuulize meneja. Muulize mhudumu unayemkuta akigawa chai: anajuaje nani anakunywa kizito na kwa kiwango gani? Viwango hivyo vina namba, na mhudumu anayemfahamu mgonjwa wake atakutajia namba bila kusita. Akianza kutafutatafuta kwa macho mtu wa kumsaidia kujibu, hapo mama yako anaweza kupaliwa siku ya pili.

Kwa maoni yangu, saluni na bustani huwekwa kwa ajili yetu sisi watoto tunaokuja kuchagua. Mgonjwa asiyeweza kukaa zaidi ya saa mbili kwenye kiti hatapata faida kubwa nazo. Mimi ningelitilia uzito mkubwa lile la karibu, ilimradi usiku wake uwe mzuri, kwa sababu mzee anayetembelewa kila siku kwa saa zisizotabirika huangaliwa vizuri zaidi. Tangu tarehe 6 Aprili 2024 kuna kanuni inayoyataka makao yote ya England yaruhusu wageni isipokuwa kwa sababu nzito sana, kwa hiyo anayekuambia kwamba wakati wa kula hakuna ruhusa, mwombe akuandikie sababu.

MzeeWaMakaratasi, Luton

Mwanangu, dada nesi amekwisha kusema ya vitandani, nami niseme ya fedha, kwani kazi yangu ya kujitolea ni kuwasaidia watu wetu kujaza fomu hizi.

Kabla ya kuzungumzia akiba ya mama, taka kwa maandishi kwamba apimwe kama anastahili mpango wa NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, uitwao Continuing Healthcare. Ukikubaliwa, NHS hulipa gharama yote ya makao, na akiba ya mtu haiulizwi kabisa. Huanza kwa fomu fupi ya uchujaji, kisha hufuata tathmini kamili yenye maeneo 12, yakiwamo kumeza, ngozi, kutembea, mawasiliano na akili. Mara nyingi husubiri mgonjwa atoke hospitali ndipo waifanye, na hapo ndipo jambo hupotea kwa kuwa hakuna wa kulikumbusha. Wengi hukataliwa, sikufichi, lakini kuna haki ya kukata rufaa. Na hata ukikataliwa, mama akiwa katika makao yenye wauguzi, NHS hulipa mchango wa kila wiki kwa ajili ya kazi ya muuguzi, na mchango huo hupelekwa moja kwa moja kwenye makao. Uliza kama bei uliyotajiwa ni kabla au baada ya kuutoa.

Ikishindikana hapo, ndipo inapokuja halmashauri. Kwa sheria ya mwaka 2014, halmashauri ina wajibu wa kumfanyia mama tathmini ya mahitaji bila malipo, awe na fedha au asiwe nazo. Kuhusu uwezo, mwenye zaidi ya pauni 23,250 hujilipia mwenyewe. Akiba ikishuka chini ya hapo halmashauri huanza kuchangia, na ikiwa chini ya pauni 14,250 akiba haiguswi tena, ila pensheni yake huchukuliwa karibu yote na kuachiwa takriban pauni 30 kwa wiki za matumizi yake. Makao mengi yenye wauguzi hutoza zaidi ya pauni 1,000 kwa wiki, kwa hiyo akiba ya mama itafika kwenye kikomo mapema. Swali la kuwauliza leo ni hili: siku hiyo ikifika, mtakubali bei ya halmashauri au mtataka familia iongeze? Yapo makao ambayo hayakubali bei hiyo, na utajikuta unamhamisha mgonjwa akiwa ameanza kuzoea.

Nyumba ya Ng'ambo itaje. Mali iliyoko nje ya nchi nayo huhesabiwa, lakini kinachohesabiwa ni fungu lake mama, si nyumba nzima, na thamani ya fungu hilo ni kile ambacho mnunuzi angekubali kutoa. Ni nani atakayenunua fungu katika nyumba yenye warithi wengi na watu wanaoishi ndani? Pata barua ya wakili wa Zanzibar inayoeleza hali ya mirathi hiyo. Usishawishike kuliandika fungu hilo kwa jina la mtu mwingine sasa hivi. Kuna uvumi kwamba miaka saba ikipita halmashauri haiwezi kuuliza. Miaka saba ni ya kodi ya urithi, na katika jambo hili hakuna kikomo cha miaka. Wakiona kwamba mali iligawiwa ili kukwepa malipo, wanahesabu kama bado anayo.

Umeuliza kama unaweza kuyakataa yote matatu: madhali mama anajilipia, chaguo ni lenu kabisa. Hata halmashauri itakapoanza kulipa, sheria inampa haki ya kuchagua makao anayoyataka, hata nje ya Leicester, ilimradi yanamfaa, yana nafasi na hayazidi bajeti yake. Hospitali ikiwasukuma, mnaweza kukubali pahala pa muda huku mkiendelea kutafuta, lakini neno "muda" liandikwe.

Mkataba usiutie saini kama mdhamini wa deni. Andika kwamba unatia saini kwa niaba ya mama. Na ikiwa hana hati ya uwakilishi iliyosajiliwa tangu alipokuwa na akili timamu, basi kushughulikia akaunti yake ya benki kutahitaji amri ya Court of Protection, yaani mahakama ya mambo ya wasioweza kujiamulia, na amri hiyo huchukua miezi. Anza ombi hilo sasa.

Mwenye mzazi aliyekuja karibuni kwa viza yenye sharti la kutopata fedha za umma, haya niliyoyasema asiyafuate kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji.

MrejeaMichenzani, Unguja

Dada yangu, nimeona kaka yako anataka mama arejeshwe. Mimi nilimrejesha baba yangu kutoka London, na kwa hali yake lilikuwa jambo jema: alikuwa akitembea, akila mwenyewe, na alipofika aliwatambua majirani ambao huko London alikuwa hawakumbuki hata kwa picha. Tuliajiri wasaidizi wawili wa kupokezana na bado haikufika hata robo ya gharama za huko.

Hata hivyo, kwa mama yako siungi mkono. Msaidizi wa nyumbani hapa ana moyo, lakini hakufunzwa kumlisha mtu mwenye hatari ya kupaliwa, mashine ya kumnyanyulia itakubidi uje nayo, na umeme ukikatika godoro la upepo huwa godoro tupu. Makao ya serikali ya Sebleni na Welezo yapo, na hufanya kazi ya heshima, lakini yaliwekwa kwa ajili ya wazee wasio na watu wa kuwatunza. Si pahala pa kumpeleka mgonjwa anayehitaji muuguzi wa usiku. Mwambie kaka pia kwamba pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa hata mtu akiwa hapa, ila haiongezwi tena kila mwaka kama wanavyoongezewa walioko huko, na Attendance Allowance, yaani posho ya wazee wanaohitaji kuangaliwa, husimama. Akihama moja kwa moja, haki ya kutibiwa bure katika hospitali za NHS nayo huondoka, kwa kuwa haki hiyo hufuata makazi wala haifuati pasipoti. Baba yangu tangu siku hiyo anapokea kiasi kile kile.

Kama kaka anataka kusaidia, alipe tiketi za wadogo zake mama waje kukaa naye kwa zamu.

MamaAisha_Leicester

Waalaykum salaam. Mimi nitapingana kidogo na dada nesi kuhusu ukaribu, kwa kuwa tuko mji mmoja na naujua ulivyo.

Usiyapite haraka yale makao ya tatu. Wazee wengi wa Kiasia wa Leicester hawakutoka India moja kwa moja. Walitoka Kampala na Jinja baada ya Amin kuwafukuza mwaka 1972, na wengine Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja kwenu. Waliokuwa vijana wakati ule ndio wazee wa leo, na Kiswahili chao cha dukani bado wanacho. Mama yangu mzazi, ambaye naye Kiingereza kilimtoka, alikaa kimya katika makao yake mpaka siku bibi mmoja wa Kigujarati kutoka Kisumu alipomwambia apunguze sauti ya redio kwa Kiswahili, wakaanza kugombana vizuri, na tangu hapo hawaachani. Mgonjwa asiyeeleweka huandikiwa kwamba ana fujo, na baada ya fujo huja vidonge vya kumtuliza. Kwa hiyo lugha nayo ni dawa. Piga simu uulize ni wakaazi wangapi na wahudumu wangapi wanaozungumza Kiswahili. Siku hizi Wakenya ni wengi katika kazi hii, huenda hata makao ya kwanza na ya pili wapo.

Kuhusu halali, omba kuona jikoni. Katika baadhi ya makao maana yake ni sahani ya boksi kutoka kwenye friji ya barafu, chakula kile kile kila siku, tena chenye pilipili ambayo mama wa Kiunguja mwenye koo dhaifu hataiweza. Uliza kama mnaweza kuleta chakula kutoka nyumbani na nani atakisaga. Uliza pia vidonge vyenye maganda ya jelatini, maana mfamasia anaweza kubadilisha vingi kuwa vya maji ukisema mapema.

Yapo mambo ambayo sisi tunayaona ya kawaida mpaka tunasahau kuyasema. Mama amezoea kujisafisha kwa maji, na mkono aliokuwa akiutumia ndio uliopooza. Mhudumu asiyeambiwa atatumia karatasi za kulowana, na mama atapigana naye kila asubuhi bila ya mtu kujua sababu. Andika: maji ya vuguvugu, kopo, na mhudumu wa kike. Hilo la mhudumu wa kike liulizie usiku hasa, kwa sababu zamu ya usiku ikiwa na wanaume peke yao, ahadi ya mchana haina kazi. Kitanda kielekezwe ili akiwa ameegemea aikabili kibla, na mtandio uwe karibu na mkono wake wa kulia. Kisha bandika ukutani karatasi ya maneno yake: maji, choo, inauma, baridi, basi, na pembeni mwake maana kwa Kiingereza. Alzheimer's Society wana kijitabu cha kujaza habari za mgonjwa wa namna hii. Kijaze, mkataka kiambatishwe kwenye mpango wake wa huduma badala ya kukaa kwenye droo.

Na samahani kwa kuligusa hili, lakini ulizeni pia utaratibu wa kifo. Tangu tarehe 9 Septemba 2024 kila kifo kisichopelekwa kwa mchunguzi wa vifo (coroner) hupitiwa na daktari mkaguzi kabla ya kusajiliwa, na sisi tunataka kuzika mapema. Makao yaseme daktari wao hupatikana vipi mwisho wa wiki, na yaandike kwamba familia iitwe kabla ya yeyote kumuosha. Katika mkataba angalieni ada hulipwa mpaka siku gani baada ya mtu kufariki.

BintiWaKikwajuni, Leicester

Nawashukuru sana nyote, Mungu awalipe. Nimekwisha kuyatembelea yote. Makao ya kwanza yalikataa nisije Jumapili bila miadi, kwa maelezo kwamba ni kwa usalama wa wakaazi. Makao ya tatu yalinipendeza kuliko yote, na kweli nimewakuta wazee watatu waliotoka Uganda, lakini hayana usajili wa uuguzi. Ofisa anasema aliyaweka kwenye orodha kabla ya tathmini ya kumeza kukamilika. Makao ya pili yana zulia lililochakaa na chumba kidogo. Usiku ghorofa ya mama ina wahudumu watatu na muuguzi mmoja kwa wakaazi 22, mmoja wao ni Mkenya, na mhudumu wa chai alinitajia namba ya kila mtu. Wasiwasi wangu ni kwamba hawajawahi kuwa na mkaazi Muislamu. Je, hilo litoshe kuyakataa?

NesiWaUsiku

Halitoshi, dada. Ya kibla na kopo yanafundishika kwa wiki moja kama meneja anasikia. Ya usiku hayafundishiki. Ingia kwa kipindi cha majaribio, ambacho kwa kawaida ni wiki nne, na mpatane kabisa tarehe ya kikao cha kuupitia mpango wa huduma. Siku ya kwanza mkague ngozi pamoja na muuguzi, visigino na kiuno, mkaandike mlichokiona, ili kidonda kikitokea ijulikane kilitoka hospitali au kilianza hapo. Taka apimwe uzito kila wiki kwa miezi miwili ya mwanzo, na uombe kuziona namba mwenyewe. Mkenya huyo ujue zamu zake, na pale anapokuwa hayupo, acha namba yako ya simu kwenye meza ya wauguzi wa usiku, kwa sababu mama akiita saa nane usiku kwa Kiswahili, ni bora wakuamshe wewe uzungumze naye kwa dakika tano kuliko wampe kidonge. Kuhusu wale wazee watatu wa makao mengine, zungumza na meneja wao. Makao mengi hupenda kubadilishana ziara za mchana, na usafiri wa kiti cha magurudumu unaweza kuuombea halmashauri.